Chombo cha Kurudi Nacho: Mwongozo wa Mnunuzi wa Ngalawa Tanga

Kwenda baharini hakumshindi mtu. Asubuhi na mapema pale Sahare au Kigombe, upepo wa nchi kavu unasukuma taratibu, maji yametulia, na hata beseni la kufulia lingefika kisiwa cha Toten likiwa na abiria. Hapo ndipo mnunuzi anapokosea: anakipima chombo kwa bahari ya saa moja asubuhi. Kipimo cha haki ni saa tisa alasiri, upepo wa kusi umeshaamka, mawimbi yanakuja kwa nyuma na nyumbani wanauliza baba yuko wapi. Uwe unataka chombo cha safari ya kutwa au cha kulala nje siku mbili tatu, nunua kile utakachorudi nacho. Masharti ni haya.

Kwanza: kiogope chombo kilichopakwa rangi jana

Rangi mbichi huficha kiraka cha bati, ufa uliozibwa kwa lami na matundu ya wadudu wanaokula mbao majini. Usisimame kulisifia jina lililoandikwa ubavuni. Inama, ingiza kichwa ngamani unuse, maana mti uliooza una harufu yake. Kisha gonga chombo chote kwa mpini wa kisu. Mti mzima hutoa mlio mkavu. Uliooza hutoa mlio wa kufifia, na ukijaribu kwa ncha, kisu kinazama.

Mitumbwi mingi ya ngalawa huchongwa kwa gogo la mwembe. Ni mti unaochongeka vizuri, lakini ukianikwa juani wiki nzima bila kivuli, unapasuka. Basi uliza, "Fundi, inavuja?" Utajibiwa, "Mwanangu, kila chombo hunywa maji kidogo." Usiondoke na jibu hilo. Omba ngalawa ilale majini usiku mmoja, na alfajiri uyapime maji yake kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mzigo huo utasafiri nawe kila siku bila nauli.

Pili: panda juu ya mrengu

Mtumbwi wa ngalawa ni mwembamba, na peke yake usingestahimili tanga lililojaa upepo. Kinachousimamisha ni mirengu, ile miti miwili inayokatisha juu yake na kushika mbao za kuelea kila upande. Umbo hili liko hata Komoro, na wanahistoria wengi hulihusisha na mabaharia waliotoka visiwa vya Indonesia karne nyingi zilizopita. Umbo lililovuka Bahari ya Hindi lisije likakufia mikononi kwa sababu ya kamba mbovu. Tanga ni mkoa wa mkonge. Hapa hakuna udhuru wa kusafiri na kamba iliyochakaa.

Chunguza mafungo moja baada ya jingine. Halafu, kwenye maji ya kiunoni, waombe watu wawili wanene wasimame juu ya mrengu mmoja. Mrengu ukilalamika, ufungwe upya kabla ya neno lolote la bei. Angalia pia mbao za kuelea: zikiwa zimezama ilhali chombo ni kitupu, hazitabaki na nguvu ya kukuinua siku kitakapoelemewa.

Tatu: ujue maji meupe yako wapi

Wanaopenda maji ya kasi huutazama Mto Pangani. Huko juu maporomoko yameshaajiriwa: kituo cha Hale kinafua umeme tangu 1964, na kile cha New Pangani Falls, chenye megawati 68, kilianza miaka ya 1990. Maji yameingia kwenye mitambo. Mamba wamebaki mtoni.

Maji meupe ya pwani hii yako kwenye mlango wa mto, mjini Pangani. Bahari inapokupwa, mto unasukuma kwenda nje na kusi inasukuma mawimbi kuja ndani. Vikikutana, mawimbi huwa mafupi, husimama wima na kuvunjika. Chombo chenye omo ya chini huchovya pua na kujaa. Chagua omo iliyoinuka, usukani uliokaza na tanga linaloshuka mara moja ukifungua kamba. Lipandishe na kulishusha mwenyewe mara kadhaa ufukweni. Mlangoni hakuna nafasi ya kujifunza. Na hata ukiwa na chombo bora, ngoja maji yajae. Kusubiri saa tatu kwenye mchanga hakujamzamisha mtu.

Nne: jilaze ndani kabla ya kulipa

Wavuvi wanaokwenda dago hukaa mbali na kwao siku nyingi, na usiku hulala ufukweni. Wana sababu. Jilaze ndani ya ngalawa mbele ya watu, bila haya: nyonga zikikwama ungali mkavu, usiku wa manane hazitakwamuka. Anayetaka kulala chomboni atafute dau pana au mashua, vyombo vya mbao zilizopigiliwa kwenye mataruma, na akague kalafati kila mshono, hasa chini ya mahali pa kuweka kichwa.

Atakayelala nchi kavu achague kisiwa kinachobaki kisiwa usiku kucha. Maziwe, mbele ya Ushongo, zamani kilikuwa na miti, na kasa walitaga humo. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Ukipiga hema pale mchana, jioni utalikusanya ukiogelea.

Ufuate mwezi pia. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Nanga yenye kamba fupi itang'oka, na chombo kilichosogezwa sana ufukweni kitalala juu ya mchanga mpaka maji yarudi. Safari yako ya kwanza ya kulala nje iwe siku za maji mafu. Visiwa vya Toten, Yambe na Karange viko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo omba ruhusa kwanza.

Tano: mtumbwi wa kujaza upepo

Unaingia kwenye begi na kupanda basi kutoka Dar es Salaam, na huo ni uzuri wa kweli. Lakini chaza wa kwenye mizizi ya mikoko wana makali ya wembe, na chombo chepesi kusi hukisukuma ubavu popote inapotaka. Ukiupenda, chukua wenye vyumba vya hewa vilivyotengana, ngozi nene na pezi chini yake. Pita nao ndani ya ghuba, asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Ukiuacha juani, upunguze hewa, maana hewa ikipata moto hutanuka na kufumua mishono.

Sita: vitu ambavyo muuzaji hatavitaja

Jaketi okozi kwa kila kichwa, la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Nyupo mbili za kufua maji, kwa kuwa mmoja huanguka baharini siku unapohitajika. Makasia, hata kama una injini. Karatasi za usajili na ukaguzi. Na sikio: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siku hiyo kula maharage.

Mwisho: malipo

Siku ya kulipa, mwambie muuzaji apande nawe. Mtoke asubuhi, mrudi alasiri. Akikataa kupanda, ameshakutajia thamani halisi ya chombo chake. Akipanda, na mkarudi ngama ikiwa kavu, mlipe palepale wala usiombe punguzo. Fundi anayetengeneza chombo cha kurudisha watu kwao anastahili kila shilingi.