Antivairasi ya Bure

Nunua kompyuta mpya ndipo utajua mtaa mzima ni mafundi. Yangu haijatoka hata kwenye boksi, shemeji keshaamua: weka antivairasi ya bure, Avast. Jirani akadakia kwamba Avast inaifanya mashine iwe nzito, weka Avira. Mpwa wangu wa chuo akatucheka wote: "Anko, weka AVG, mambo yaishe." Kila mmoja ana hakika, na kila mmoja akiwasha kompyuta yake unaweza kwenda kununua vitumbua, ukarudi, ukaikuta bado inafikiria.

Kumbe wanagombania mali ya tajiri mmoja. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Avira ikanunuliwa na wenye antivairasi ya Norton, na mwaka 2022 wenye Norton wakaungana na Avast, kampuni ikaitwa Gen Digital. Shemeji na jirani wamenuniana kwa hasara yao wenyewe.

Na hiyo bure yenyewe ina maneno mengi. Uko katikati ya kuandika bajeti ya kikao cha harusi, mara kona ya kulia kinachomoza kidirisha chekundu: kompyuta yako ina matatizo, bofya hapa. Ukibofya, kinataka kadi ya benki. Kitufe cha kukataa kipo, ila kimeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu mpaka uvae miwani. Mlinzi gani huyu anayekugongea usiku wa manane kukuambia wezi wapo, lakini hawafukuzi mpaka umwongeze mshahara?

Afadhali hata huyo wa kelele kuliko anayechungulia ndani. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana Avast ilipe dola milioni 16.5, kwa sababu taarifa za tovuti walizotembelea wateja wake zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Watu waliweka programu ili wasichunguzwe!

Wakati huo huo Windows inakuja na antivairasi yake, Defender, tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Haidai kadi, haina matangazo ya kukutisha, na inajiboresha pamoja na Windows. Ukiweka nyingine, yenyewe inakaa pembeni, maana mbili zikikagua faili moja kwa wakati mmoja ni vurugu na mashine kusuasua. Nilipomweleza mpwa, akashangaa: "Sasa kama ipo tayari, itakuwa nzuri kweli?" Kwetu kitu kisichotafutwa kwa shida hakiaminiki.

Halafu virusi wenyewe tunawafuata kwa miguu. Unapeleka flashi steshenari kuprinti barua ya kurasa mbili, unarudi nyumbani mafolda yote yamegeuka shotikati. Au unapakua programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, na maelekezo yake ya kwanza yanasema: zima antivairasi. Na mtu anaizima! Mtu yule yule aliyeuliza mtaa mzima ipi ni bora.

Basi, wewe mwenye kompyuta mpya, iache Defender iwake. Ruhusu maboresho hata kama yanakula bando. Picha za familia ziwe na nakala kwenye diski ya nje, na usiiache imechomekwa muda wote. Flashi yoyote ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, na ya shemeji ikaguliwe mara mbili.