Skrini Iliyotangulia Kompyuta

Anayetaka kuunda kompyuta ya kuchezea magemu aanze na skrini. Nimelisema hili mbele ya mume wangu, nimelisema mbele ya mashemeji, na sasa naliandika, kwa sababu misukosuko iliyotupata nyumbani kwetu Tabata ilianzia hapo. Tulikaa kikao cha familia, prosesa ikajadiliwa mpaka chai ikapoa, na swali la nini kitawekwa mbele ya macho ya kijana likaonekana dogo.

Kijana wetu wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha sita, anangoja kwenda chuo. Alikuwa na akiba aliyoipata kwa kuhesabu mizigo kwenye ghala la mjomba wake, baba yake akaongeza, na mimi nikaweka pesa zangu za upatu. Jumla shilingi 2,200,000. Kwa fedha hizo tungenunua kompyuta mpakato nzuri na mambo yakaisha siku hiyohiyo. Yeye alitaka ya mezani, aiunde kwa mikono yake. Sababu aliyonipa ilinigusa: "Mama, mpakato ukichoka unachoka wote. Hii kikichoka kimoja nabadilisha hicho kimoja." Mtoto anayewaza hivyo nitamkatalia nini?

Kikao kilikuwa Jumapili jioni. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye Kariakoo hakuna kichochoro kinachompotea, alitaka prosesa kubwa kuliko zote. Baba watoto alitaka memori nyingi. Mama mkwe akauliza jambo la maana, kwamba mashine hiyo itakula umeme kiasi gani. Kijana akamhesabia: ikivuta wati 250 wakati wa gemu, saa nne za kucheza ni uniti moja. Bibi akaridhika. Nami nikauliza habari za skrini.

"Skrini ni skrini tu, shemeji," nikajibiwa. "Tutaokota yoyote."

Hapana. Skrini ya HD kamili ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Ukizidisha unapata 2,073,600. Ile ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400, mara nne kamili. Pikseli zote hizo huchorwa upya na kadi ya grafiksi, tena mara 60 au zaidi kwa kila sekunde. Kadi inayokimbiza gemu bila shida kwenye skrini ya kwanza inaweza kuhema kwenye ya pili, ingawa ni kadi ileile na gemu lilelile. Halafu kuna kasi ya skrini yenyewe. Ya Hz 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, ya Hz 144 kila milisekunde 6.9. Kwa kijana anayecheza mpira wa kwenye kompyuta, tofauti hiyo inaonekana pale mchezaji anapogeuka ghafla na mpira mguuni. Ukishajua skrini, utajua kadi ya kuinunulia. Ukishajua kadi, utajua pawa saplai na keisi. Anayeanza na prosesa anajenga nyumba kabla ya kupima kiwanja.

Kijana alinielewa. Usiku ule tuliketi wawili na daftari langu la matumizi tukapanga. Skrini ya inchi 24, HD kamili, Hz 144, paneli ya IPS, shilingi 400,000. Kadi ya Radeon RX 6600. Prosesa ya Ryzen 5 5600 yenye kori sita, iliyotoka mwaka 2022, inayokaa kwenye soketi ya AM4. Kulikuwa na soketi mpya zaidi, AM5, iliyoingia sokoni mwaka huohuo, ila hiyo inakubali memori za DDR5 peke yake na bei yake haikuwa ya kwetu. Memori 16GB za DDR4, ziwe vipande viwili vya 8, kwa kuwa mazabodi huvisoma viwili kwa pamoja, na kipande kimoja kikubwa hutumia nusu ya njia.

Kwa kuwa shemeji ndiye mwenyeji wa Kariakoo, alikabidhiwa fedha za kuanzia na nakala ya orodha. Alirudi magharibi, boksi limemzidi upana, kondakta wa daladala amemtoza nauli ya abiria wawili. Uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. Winga mmoja alimpeleka kwenye duka lenye "mzigo mpya wa Dubai", akatoka na skrini ya inchi 32, 4K, kwa bei ya kutupa: shilingi 900,000. Ilikuwa ya Hz 60. Alikuwa amenunua pikseli mara nne, na amezinunua kwa pesa ya kadi itakayozichora.

Kijana hakusema neno. Alimshukuru baba yake mdogo kama alivyofunzwa, akaenda chumbani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko zile shilingi 500,000 za ziada. Kesho yake shemeji alirudi dukani na boksi lake, akaonyeshwa bango lililobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa muda baada ya hapo, mume wangu na mdogo wake walizungumza kwa kupitia watoto. "Mwambie baba yako mdogo chakula kiko mezani." "Mwambie baba yako nimeshiba."

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Televisheni ya sebuleni, ambayo kwa haki ni yake maana huitazama kuliko sisi sote, ilikuwa ya inchi 43 na bado nzima. Jirani mwenye saluni alikuwa akiimendea siku nyingi. Bibi akasema iuzwe, na hiyo skrini kubwa iwekwe mahali pake. "Macho yangu mimi yanataka kusoma maandishi ya chini kwenye taarifa ya habari," alisema. "Mpira wa mume wangu hautaki ukubwa, unataka mbio." Mume wangu hapo ni mjukuu wake, ndivyo anavyomwita tangu azaliwe. Katika maneno hayo mawili bibi alimaliza hoja niliyoihangaikia kikao kizima.

Ikauzwa kwa shilingi 450,000. King'amuzi kikaunganishwa kwenye skrini mpya kwa waya wa HDMI na picha ikatoka safi ajabu. Sauti haikutoka. Skrini nyingi za kompyuta hazina spika, na hii ilikuwa mojawapo. Ilipofika saa mbili usiku bibi alikaa kwenye kiti chake, akamtazama msomaji wa habari kwa muda, akatugeukia: "Huyu mbona anapiga midomo tu?" Nyuma ya skrini kuna tundu dogo la kuchomeka spika za masikioni, tukatoa waya hapo ukaingia kwenye sabufa. Tangu siku hiyo taarifa ya habari kwetu inasikika mpaka kwa jirani.

Vifaa vilivyobaki nilikwenda kununua mwenyewe na kijana. Kariakoo mawinga walitupokea kwa "mama karibu, mama unatafuta nini", nami nikawaambia ukweli kuwa nina orodha na sitaki ushauri. Mmoja hakukata tamaa. Alitoa kadi ya grafiksi isiyo na boksi, bei chini ya nusu. Kijana akaigeuza, akaziangalia feni zake, akairudisha kwa adabu. Njiani akanieleza. Miaka ya nyuma watu walipanga kadi nyingi kwenye vyumba, usiku na mchana, kuchimba sarafu ya Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulibadili utaratibu, kadi zikakosa kazi kwa mara moja, na wenye nazo wakazimwaga kwenye masoko ya mitumba duniani. Nyingine bado ni nzima kabisa. Ila feni iliyozunguka miaka bila kupumzika imechoka, na muuzaji wa njiani hana cha kukuhakikishia. Tulinunua RX 6600 mpya, yenye risiti na dhamana.

Kwenye pawa saplai ndipo nilipotumia hesabu zangu. Tulionyeshwa keisi nzuri ya kioo mbele, pawa saplai ikiwa imeshafungwa ndani, na kwenye boksi imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Nikaomba ifunguliwe ubavuni. Kibandiko kidogo kilisema njia ya volti 12 inatoa ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni wati 216. Kadi na prosesa hula kwenye njia hiyohiyo ya volti 12. RX 6600 peke yake imewekwa kwenye wati 132, prosesa ile 65, bado feni na diski, na AMD wenyewe wanashauri pawa saplai isiyopungua wati 450 kwa kadi hiyo. Nikamwonyesha muuzaji, kijana wa umri wa mwanangu, naye akasoma kibandiko kwa makini na kukubali. Akatutolea nyingine ya wati 550 yenye cheti cha 80 Plus, nzito mkononi. Keisi tulichukua yenye wavu mbele. Joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili halitaki ukuta wa kioo mbele ya feni.

Kuunda kulifanyika juu ya meza ya chakula, familia nzima imezunguka. Meza hiyo ina kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mikono ya bibi, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Prosesa ilikaa kwenye soketi vizuri, pembe yenye alama ya dhahabu ikiwa mahali pake. Feni ikafungwa juu yake. Kisha kijana akaona waya wa feni umebanwa upande usio wake, akafungua, akainua. Themo pesti, ule ute wa kupitisha joto, ulikuwa umeshagandisha feni na prosesa pamoja. Prosesa ikatoka na feni, ikaning'inia, ikaanguka kifudifudi juu ya kitambaa.

Prosesa za AM4 zina miguu upande wa chini, 1,331, myembamba kuliko sindano. Na kitambaa cha kufuma ni vitundu vitupu. Miguu ikaingia kwenye nyuzi. Kijana akanyoosha mkono aivute, bibi akamshika kifundo.

"Usivute. Uzi huu nimeufuma mimi."

Akaomba miwani na mkasi wake mdogo wa kucha. Aliinama mezani, akaanza kukata, uzi mmoja baada ya mwingine, mahali pale alipojua kuwa fundo likiachia mwenzake naye ataachia. Hakuna aliyekohoa. Kitambaa kile alikifuma mwaka nilioolewa. Nilitaka kumwambia aache, tutatafuta prosesa nyingine, lakini nilijua hakuna pesa ya nyingine, naye alijua. Alipomaliza, prosesa ilikuwa huru na katikati ya kitambaa kuna tobo la ukubwa wa biskuti. Miguu miwili ilikuwa imelala. Binti yetu mdogo akaleta penseli yake ya kubofya, akatoa risasi yote, akavisha ule mdomo mtupu kwenye mguu wa kwanza na kuunyanyua polepole mpaka ukasimama sawa na wenzake, kisha wa pili. Mikono ya mtoto wa miaka 13 haitetemeki.

Prosesa ikazama kwenye soketi yenyewe bila kusukumwa, ambayo ndiyo dalili kwamba miguu imenyooka. Tukawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Baba watoto akalaumu miguu. Shemeji, ambaye alikuwa amekuja bila kuitwa na kusimama mlangoni, ndiye aliyetazama nyuma ya keisi na kuuliza kwa upole kwa nini kuna matundu mawili ya HDMI. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye mazabodi. Ryzen 5 5600, bila herufi G mwishoni, haina grafiksi ndani yake, kwa hiyo tundu la mazabodi lilikuwa halina cha kupeleka. Akauhamishia kwenye kadi. Maandishi yakatokea, na mume wangu akamwambia mdogo wake moja kwa moja, bila kupitia kwa mtoto, "Kaa basi ule."

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Binti ndiye aliyegundua baadaye kwamba Windows ilikuwa inaendesha skrini kwa Hz 60 wakati tumelipia 144, akaibadilisha kwenye mipangilio, na kaka yake aliporudi akaona mpira umebadilika. Kitambaa cha meza bibi amekishona katikati kwa uzi wa bluu, maana mweupe wa aina ileile haupatikani tena.

Lililokuwa limebaki ni umeme. Kompyuta ya mezani haina betri, na jioni moja umeme ulikatika katikati ya mchezo, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Nikasema hakuna kuwasha mpaka ipatikane UPS. Shemeji akaenda kuitafuta kwa pesa yake mwenyewe. Mchana akanipigia simu kutoka dukani.

"Shemeji, shikilia kidogo. Mbele imeandikwa VA 1,000, lakini nimegeuza, nyuma wanasema wati 600. Nifuate ipi?"

"Wati. Mashine na skrini havifiki 300, itatosha kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Ina dhamana?"

"Mwaka mmoja. Na risiti nimeshaomba."

"Basi chukua."