Namna ya Kuchonga Boga kwa Nakshi Bila Kufukuzwa Nyumbani

Kwanza omba meza, na uiombe kwa jioni nzima. Boga la Halloween lenye nakshi za kweli halichongwi pembeni mwa sahani ya wali. Wewe uliyeko Marekani umeshayaona kwa majirani yale maboga ya macho ya pembetatu na meno mawili. Hayo waachie watoto. Sisi tunataka bundi mwenye manyoya yanayohesabika.

Madukani Oktoba utakuta boga aina ya Howden, lililozalishwa makusudi lichongwe: ganda gumu, kikonyo imara, nyama ya majimaji isiyo na ladha. Usimpelekee mama mkwe alipike. Bonyeza kitako cha boga. Kikibonyea, liache hapo hapo. Na usilibebe kwa kikonyo, hata kama kinakushawishi.

Tundu la kuingizia mkono likate chini, si juu. Toa nyuzi na mbegu. Mbegu zioshe, zitie chumvi, zikaangwe: ndiyo rushwa yako kwa wenye meza. Kisha kwangua nyama kwa ndani, upande utakaochorwa, mpaka ubaki unene wa sentimita mbili hivi. Wengi huchoka hapa. Kaza mkono, maana nakshi yote inategemea kukwangua huku.

Boga ni taa kabla ya kuwa sanamu. Ganda likiachwa lilivyo, usiku ni jeusi. Ukimenya ganda na kuacha nyama, mwanga unapenya kwa rangi ya chungwa iliyofifia. Ukizidi kukwangua, unazidi kung'aa. Ukitoboa, unatoka mkali. Kwa hiyo macho ya bundi toboa, kifua menya, na ukingo wa kila unyoya uache na ganda lake. Ingiza tochi ndani kila mara, uzime taa ya sebule utazame. Wanaoangalia mpira watavumilia.

Mchoro wa karatasi ubandike kwa selotepu, utoboe mistari yake kwa pini, ndipo ushike kisu. Lakini kabla ya kukata, pitisha kidole kwenye kila sehemu itakayobaki: imeshikana na boga? Mboni iliyozungukwa na tundu pande zote itadondoka, hata ukiisihi. Anza na vipande vidogo vya katikati, vikubwa vya pembeni vije mwisho, boga likiwa bado na nguvu ya kuhimili mkono wako. Kipande kilichokatwa kisukume taratibu, usikivute. Kikivunjika kisichotakiwa kuvunjika, kijiti cha meno kitakiunga.

Ipo na njia ya pili, ya kutotoboa kabisa. Ray Villafane, aliyewahi kuwa mwalimu wa sanaa Michigan, huchonga ndani ya nyama yenyewe nyuso zenye mikunjo, pua na ufizi. Ukiifuata hiyo, chagua boga zito kuliko linavyoonekana, maana uzito ni dalili ya nyama nene, na usilikwangue ndani.

Wahamiaji wa Ireland walioeneza desturi ya kuchonga maboga Marekani katika karne ya 19 walizoea kuchonga tanipu kwao, ndogo na ngumu. Wewe umepewa ukuta mpana na laini, utumie vizuri.

Sasa habari ya kuoza. Boga lililochongwa hudumu siku chache tu, hivyo lichonge tarehe 29 au 30, si wiki mbili kabla. Kingo zilizokatwa zipake mafuta ya mgando. Likinyauka, lizamishe kwenye maji baridi usiku kucha. Weka taa ya betri badala ya mshumaa, kwani joto hulipika kwa ndani. Tarehe 31, giza likiingia, lipige picha bila fleshi, kisha waite majirani walione likiwaka. Baada ya sikukuu lipeleke kwenye mboji; usiliache barazani likaoze mbele ya wageni.