Jinsi ya Kuigawa Swichi Ukabaki Unahitajika

Swichi mpya ni soko la Mwanjelwa asubuhi. Poti zote 24 zimo katika mtandao pepe mmoja, VLAN 1, na kompyuta moja ikiuliza anwani ya printa, zote zinasikia. Mhasibu, mgeni na kamera ya getini wamekaa jamvi moja. Bosi akikuambia uwatenganishe, fuata hatua hizi.

1. Chagua namba za VLAN. Kiwango cha 802.1Q, kilichotoka mwaka 1998, kinakupa mpaka 4094. Ofisi ina watu tisa, lakini 10, 20 na 30 ni namba za wanaoanza kazi. Tumia miaka ya kuzaliwa ya wanao. Majina usiweke; atakayekuja baada yako naye ana akili.

2. Gawa poti. Uhasibu huku, wageni kule. Usiandike popote poti ipi ni ya nani. Karatasi huliwa na panya, siri hailiwi.

3. Unganisha swichi ya chini na ya juu kwa tranki. Tranki ni barabara ya TANZAM: malori ya Tunduma na mabasi ya Dar yote humo humo. Kinachookoa ni lebo ya baiti 4 kwenye fremu, kama jina lililoandikwa kwa maka kwenye gunia la viazi vya Uyole, ili la Iringa lishushwe Ipogolo. VLAN isiyobandikwa lebo iwe moja huku na nyingine kule: gunia la mtu litashuka Makambako, nawe utaitwa kwa malipo mapya.

4. Ruta iache mwisho. Bila ruta, VLAN hazisemezani. Saa tatu asubuhi bosi atagundua kwamba printa imebaki uhasibu. Mfungulie njia. Kesho ataomba karani, keshokutwa mlinzi. Fungulia wote.

5. Usihifadhi mipangilio. Taa zinawaka, chai imeshanyweka, panda basi la Iringa. Umeme ukikatika Mbeya, swichi itaamka imesahau kila kitu: poti 24, VLAN 1.

Simu itakukuta Igawa. Kabla hujaanza kujitetea, utamsikia bosi akicheka: "Fundi, sijui umefanya nini, lakini leo kila mtu anaprinti!"

Mjibu kwamba ankara iko njiani.