Uhalisi kwa Amri

Mobutu apewe haki yake. Mwaka 1972 aliwatua Wazaire mzigo wa akina Joseph na akina Marie, majina ya kuja na meli. Padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la Kizungu aliahidiwa kifungo cha miaka 5, maana uhalisi hautaki mzaha.

Yeye mwenyewe alitangulia. Akalivua Joseph-Désiré, akajivika Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga (na msomaji wa pwani asithubutu kucheka hilo Kuku): shujaa aendaye kutoka ushindi hadi ushindi, akiacha moto nyuma yake. Ziwa nalo lilikuwa likiteseka kwa jina la Albert. Kwa huruma akaligawia lake.

Nchi ilikwisha kupata jina safi la Kiafrika, Zaire, walilolitengeneza Wareno karne nyingi nyuma kwa kutamka vibaya neno la Kikongo la mto. Monsieur na madame wakapigwa marufuku. Badala yake watu waliitana citoyen na citoyenne, Kifaransa kisichoghoshiwa.

Suti na tai pia vikaondoka, ikaingia abakosti. Wakubwa waliagiza zao Ubelgiji.