Bwana Afya wa Uani

Wapo watu wenye nia njema wanaosadiki kwamba mtoto mdogo huuchukia usafi kwa sababu hajaelezwa fadhila zake, na kwa imani hiyo humkalisha kitako, wakamhubiria habari za vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakamtajia minyoo na kuhara, hata mtoto akaondoka pale na hofu ya kulala gizani na mikono ile ile ya tope. Mimi, niliyejaaliwa kuishi nyumba moja na wajukuu wanne katika mji wa Tanga, nina rai nyingine. Mtoto hana uadui wowote na maji: mwache karibu na dimbwi la mvua uone, wala hana uadui na sabuni, ambayo huila akipata wasaa. Adui yake ni amri. Mtoto yule yule anayepiga ukelele akiingizwa bafuni hupiga ukelele wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, akitolewa. Basi anayetaka watoto nadhifu ana njia mbili: ama aendelee kuamrisha mpaka sauti imkauke, ama awape wao hiyo amri waitumie. Nyumbani kwetu, baada ya sauti ya bibi yao kukauka, tuliichagua ya pili.

Na tusiwalaumu watoto kupita kiasi, kwa maana watu wazima wenye elimu wamekuwa wagumu kuliko wao. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari mmoja aliyeitwa Ignaz Semmelweis aliwataka wenziwe, ambao walikuwa wakitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha wanawake, wanawe kwanza mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Vifo vya wazazi vikapungua dhahiri shahiri, na hata hivyo wakubwa wengi wa fani ile waliona ni dharau kuambiwa kwamba mkono wa muungwana waweza kuwa na uchafu. Semmelweis alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ilhali rai yake bado inabishaniwa. Nikiikumbuka habari hiyo huwa mpole kwa mjukuu wa miaka mitatu anayeficha mikono nyuma ya mgongo wakati wa chakula. Angalau yeye hajazalisha mtu.

Chombo tulichoanza nacho ni kibuyu chirizi, ambacho zama hizi si kibuyu tena bali ni dumu la mafuta ya kula la lita 5. Hutobolewa tundu dogo ubavuni kwa msumari uliopashwa moto, likaning'inizwa kwenye fito iliyolazwa juu ya panda mbili, na kamba ikashuka kutoka shingoni mwake mpaka kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu huinama kwa adabu, maji yakachirizika, na mkono haugusi kitu ila maji na sabuni. Faida yake kwa afya ni hiyo. Faida yake kwa mtoto ni kwamba kuna kitu cha kukanyaga.

Siku lilipotundikwa walikuja watoto wa mtaa mzima, wakapanga foleni, wao ambao kabla ya hapo hawakuwahi kupanga foleni hata kwa maandazi. Wakanawa, wakarudi nyuma wakanawa tena, na mikono yao ilipokwisha uchafu wakatafuta ya wengine: akaletwa mtoto mchanga aliyekuwa usingizini, akaletwa na kuku, ambaye alinawishwa miguu pasipo ridhaa yake. Ilipofika alasiri uani palikuwa pamegeuka jaruba la mpunga, na watoto wetu walikuwa na mikono ya kadhi juu ya miguu ya mlimaji, tope mpaka magotini, nao wakapita hivyo hivyo sebuleni kwenda kumwonyesha bibi yao jinsi walivyotakata. Sitaandika alichosema. Kesho yake tulimwaga kokoto chini ya dumu, nami nampa nasaha kila atakayetuiga azimwage mapema.

Ama kuhusu sabuni, kanuni ni kuukata mche, kukitoboa kipande na kukitundika kwa uzi kando ya dumu ili kisianguke mchangani. Kanuni hiyo haikumtaja kunguru. Ndege huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, makusudi ale taka na kuusafisha mji, na baadaye akaenea pwani. Basi ajabu ya dunia ni kwamba kiumbe aliyeajiriwa kwa kazi ya usafi ndiye mwizi mashuhuri wa sabuni. Wa kwetu hutua juu ya fito, akauvuta uzi kwa mdomo, akaukanyaga kwa guu usije ukarudi, akauvuta tena, hata kipande kikamfikia. Kisha huketi juu ya paa la jirani akakidonoa huku akitutazama kwa jicho moja. Bibi yao alihuzunika kwa ajili ya bei ya sabuni. Watoto walifurahi kupita kadiri, maana sasa kunawa kulikuwa na hatari ndani yake: mmoja ananawa, mwenzake amesimama na ufito kumlinda. Sijapata kusoma kwa mafundi wa malezi kwamba mtoto huithamini zaidi sabuni akijua yupo anayetaka kumnyang'anya. Nawapa elimu hiyo bure.

Wataalamu wa afya husema mikono isuguliwe kwa muda usiopungua sekunde 20. Tuliwaambia watoto wahesabu mpaka ishirini, nao wakahesabu kwa uaminifu wote: moja, mbili, tatu, kumi na tisa, ishirini. Tukabadili tukawapa wimbo. Wimbo wakauongezea beti, na maji yakaisha kabla yake.

Ili pawe na nidhamu, mjukuu wetu wa kike mwenye umri wa miaka mitano aliteuliwa kuwa Bwana Afya. Cheo hiki kina haiba kubwa machoni pake, kwa kuwa aliwahi kumwona Bwana Afya wa kweli akiingia mgahawani, akafunua sufuria moja tu, na wapishi wote wakasimama wima. Alipewa blauzi nyeupe ya shangazi yake, iliyomfika vifundoni, na daftari, na kalamu ya risasi. Na kila mara kabla ya chakula alikagua kucha, akaandika vema kwa aliyepita na kosa kwa aliyeshindwa. Hapakuwa na rufani. Wale waliokuwa wakikimbia wembe wa kukatia kucha sasa walinyoosha vidole wenyewe, kila mmoja akitumaini jirani yake akutwe na tope. Mimi nami nilicheleweshewa wali siku moja kwa doa la wino.

Yote haya yangalibaki siri ya nyumba lau wasingalikuja wazee kumposa binti yetu wa mwisho. Walifika baada ya sala ya alasiri: baba mkubwa wa kijana, mzee wa kanzu ya melimeli na bakora ya mpingo, na ubavuni mwake mshenga, mtu wa maneno matamu. Tulikaa, tukaulizana hali, hali zikawa njema, ikaingia sinia ya halua na kahawa. Na nyuma ya sinia ikaingia blauzi nyeupe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu mzee, akanyoosha mkono kwa upole ili ubusiwe.

Mkono haukubusiwa. Uligeuzwa, ukainamiwa, ukapitiwa kucha moja baada ya moja. Mzee alikuwa ametafuna tambuu njiani; kidole cha shahada kilikuwa na chokaa, na chini ya ukucha wa gumba palikuwa na wekundu wa katu.

"Hujapita," alisema Bwana Afya. "Nenda kanawe, babu, halafu urudi."

Sebule ikanyamaza. Bibi yake, aliyekuwa nyuma ya pazia, alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane. Nikafungua kinywa kuomba radhi, lakini mzee alikuwa amekwisha simama, labda kwa kuwa ni miaka mingi hakuna aliyethubutu kumwamrisha. Akaongozwa uani kwa mkono, akaonyeshwa kijiti, akakikanyaga kwa nguvu za mtu asiyekizoea, na dumu likammiminia kanzu kuanzia kifuani. Tulisikia kicheko. Kisha tulisikia hesabu, nayo haikuruka namba, kisha makelele ya "Kunguru! Kunguru!" na mlio wa bakora ya mpingo ikipiga fito.

Alirejea akidondosha maji, akanyoosha mikono yote miwili, ikakaguliwa, vema ikaandikwa, naye akatutazama sote kwa fahari ya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mshenga akakohoa, akataka kuyaanza maneno ya mahari.

"Ngoja kwanza," alisema mzee, akimnyooshea kidole chake safi. "Na huyu je?"

Mshenga akaingiza mikono mifukoni mwa koti. Posa ilikubaliwa siku ile ile. Lakini yeye, kwa mujibu wa daftari, hajapita mpaka leo.