Heko, Penzi la Upande Mmoja

Hapa Msowero kila chenye faida kimeshapata wa kukisifu: mpunga husifiwa, mvua husifiwa, hata barabara ikichongwa mwenyekiti huitwa jukwaani akashangiliwa. Maumivu ya kumpenda asiyekutaka hayajawahi kupigiwa hata kofi moja. Leo nayasimamia.

Kwanza, hayana ubaguzi. Wilaya yetu ya Kilosa inajulikana kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Lakini mtazame kijana wa Kikaguru na mwenzake wa Kimasai wameinamia simu chini ya mwembe mmoja, kila mmoja akikodolea macho tiki za bluu zisizoleta jibu. Usuluhishi gani utashinda huo?

Pili, yanakuza uchumi. Anayependwa hubana matumizi. Aliyekataliwa hununua bando, hutuma hela pamoja na ya kutolea, kisha hupanda bodaboda hadi Dumila kwa kuwa kasikia fulani ataonekana stendi. Wakala anakula, dereva anakula, muuza vitenge anakula. Yeye tu hali, wala njaa hana, kwa hiyo hata ghala la nyumbani linadumu.

Tatu, sanaa. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa na bendi za Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe; bila waliokataliwa, kumbi zao zingejazwa na nani? Au chukueni wimbo "Malaika", kilio cha kijana aliyekosa pesa za kuoa. Mkenya Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akauzungusha duniani, naye Mtanzania Adam Salim akadai ni wake. Uchungu uligeuka mali, watu wakaugombea. Ni nani amewahi kugombea wimbo wa ndoa tulivu?

Nne, sayansi imeyapa cheti. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu walioachwa picha za waliowaacha. Ubongo ukashtuka katika sehemu zilezile zinazoshtuka mkono ukiunguzwa. Mwaka mmoja kabla, wengine walikuwa wameona kwamba parasetamoli hupunguza machungu ya moyo. Nawasihi wauza dawa waifiche habari hii. Vijana wakipona, bodaboda zitaegeshwa.

Lakini maumivu haya yana sharti moja: mgonjwa augue mwenyewe. Yule aliyekwambia "wewe ni kama kaka yangu" amekujibu, tena kwa heshima. Hadaiwi maelezo ya pili. Kumvizia kisimani, kumtumia wajumbe, kumtangaza kijiweni kwamba anaringa, hayo si mapenzi tena, ni usumbufu, na sifa zote nilizozitaja hapa zinafutika. Lia, imba, lima. Ukitaka kurudishiwa nauli, mwombe dereva wa bodaboda.